Hatifungani kwa jina lako au vipande vya mfuko: ipi ikubebe ukistaafu?

Mafao ya mkupuo yakishaingia benki, simu ya mstaafu haitulii. Mpwa ana hesabu za bajaji, fundi anakumbushia ile nyumba ya Chanika iliyosimama kwenye lenta, jirani amesikia kuna watu "wanazalisha" fedha kwa asilimia 20 kwa mwezi. Mwenye kutulia katikati ya makelele hayo huja na swali la maana: ninunue hatifungani za Serikali kwa jina langu mwenyewe, au niingie kwenye mfuko unaozinunua kwa niaba ya watu wengi?

Swali hili limezidi uzito tangu Januari 2025, mkupuo ulipopandishwa kutoka asilimia 33 ya mafao hadi 40 kwa wanachama wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na 35 kwa wa NSSF, ule wa sekta binafsi. Fedha anayokabidhiwa mtu siku moja imeongezeka, na kazi ya kuifanya idumu miaka 20 au 25 imemhamia yeye.

Niseme msimamo wangu mapema, usome ukijua ninakoelekea. Kama bado uko kazini na unaweka akiba kidogo kidogo, nenda kwenye mfuko. Kama mkupuo umeshaingia na unachotaka ni kipato cha kuishi nacho, sehemu kubwa iende kwenye hatifungani kwa jina lako, na mfuko ubaki kuwa sehemu ya dharura na ya kukusanyia riba. Wengi hulinganisha asilimia ya huku na ya kule wakaishia hapo. Kwa mstaafu jambo kubwa zaidi ni kujua fedha itaingia lini, itaingia kiasi gani, na nani mwenye uwezo wa kubadilisha hayo mawili.

Unamiliki nini hasa

Ukinunua hatifungani umeikopesha Serikali. Benki Kuu huendesha mnada siku ya Jumatano kwa niaba ya Serikali, nawe unaingia kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa baada ya kufunguliwa akaunti ya CDS, yaani daftari la kielektroniki linaloonyesha hatifungani unazomiliki. Kiwango cha chini ni Sh milioni 1, kisha unaongeza kwa mafungu ya Sh 100,000. Muda ni miaka 2, 5, 7, 10, 15, 20 au 25. Riba, ambayo wenyewe wanaiita kuponi, imeshapangwa na haibadiliki mpaka hatifungani iive, na inalipwa mara mbili kwa mwaka. Kwa hatifungani za muda mrefu riba hiyo haikatwi kodi ya zuio, tofauti na ile ya miaka 2.

Kwenye mnada kuna milango miwili. Ukiingia kwa ushindani, unataja mwenyewe bei unayotaka kulipa kwa kila Sh 100. Ukitaja ndogo mno unakosa, ukitaja kubwa mno umejipunja. Ukiingia bila ushindani, unapewa wastani wa bei za waliofaulu. Mstaafu asiye na muda wa kufuatilia soko aombe mlango wa pili, na aombe kwa kutamka, maana asipouliza anaweza kujaziwa fomu ya ushindani na mtu wa kaunta mwenye haraka zake.

Mfuko ni jambo jingine kabisa. Hapo unamiliki vipande. Hatifungani ni mali ya mfuko, pamoja na amana za benki zinazowekwa pembeni ili watu waweze kulipwa wanapotoka. Unaojulikana zaidi mjini ni Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS, ulioanza 2019, na wengi wanaujua kwa foleni za pale Sukari House, Posta. Unaanza kwa Sh 50,000. Anayetaka kulipwa gawio la kila mwezi awe ameweka angalau Sh milioni 10, na la kila nusu mwaka Sh milioni 5. Siku hizi UTT haiko peke yake: kuna Faida Fund ya Watumishi Housing, Timiza ya Zan Securities, na ya iTrust, kila mmoja na mchanganyiko wake. Yote iko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na yule jirani wa asilimia 20 kwa mwezi hayuko chini ya mtu yeyote.

Aprili 2022

Mfano ninaourudia kila ninapoulizwa swali hili ni wa Aprili 2022.

Hatifungani ya miaka 25 ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2021, kuponi yake ilikuwa asilimia 15.95. Ya miaka 20 ilikuwa asilimia 15.49. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2022, viwango vya hatifungani mpya vilishushwa: ya miaka 25 ikawa asilimia 12.56 na ya miaka 20 ikawa asilimia 12.10.

Chukua watu wawili waliostaafu 2021, kila mmoja na Sh milioni 20. Wa kwanza alinunua ile ya miaka 25 kwa jina lake, kwa bei ya 100. Anapata Sh 1,595,000 kila nusu mwaka, na atazipata hivyo hivyo mpaka 2046. Punguzo la 2022 halikumgusa hata shilingi. Wa pili aliingia kwenye mfuko. Mfuko nao ulikuwa na hatifungani za zamani zenye riba nono, lakini fedha mpya zilizoendelea kuingia zilinunua zile zenye riba ndogo. Wastani wa mapato ukawa wa mchanganyiko: zamani kidogo, mpya kidogo. Anachopata wa pili kinafuata mwendo wa soko mwaka hadi mwaka.

Mwendo huo una upande wake mzuri. Viwango vilipopanda tena baada ya hapo, mfuko uliweza kununua hatifungani mpya zenye riba kubwa na wanachama wote wakafaidi taratibu, wakati aliyenunua ile ya asilimia 12.56 kwa jina lake amebaki na asilimia 12.56. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba hatifungani ya moja kwa moja "inalipa zaidi". Inalipa kile ulichokubali siku ile, kiwe kikubwa au kidogo. Kwa kijana wa miaka 30 huko ni kujifunga kusiko na lazima. Kwa mtu wa miaka 60 mwenye dawa za presha za kununua kila mwezi na umeme wa kulipia, kujua namba kamili ya miaka 20 ijayo ni nafuu kubwa, na ndiyo maana naegemea huko.

Ukizihitaji kabla ya wakati

Hapa mfuko unashinda, na wala si kwa karibu. Unajaza fomu ya kuuza vipande, au unatumia simu, na baada ya siku chache za kazi fedha iko benki. Unaweza kuuza vya Sh 300,000 ukaacha vingine vyote vikiendelea kuzaa.

Hatifungani inabidi utafute mnunuzi kwenye soko la upili, kupitia dalali, pale Soko la Hisa la Dar es Salaam. Wanunuzi wapo, hasa kwa hatifungani ndefu, lakini bei ni ya siku hiyo. Ukiwa na hatifungani ya kuponi ya asilimia 12.56 iliyobakiza miaka 22, na wanunuzi sokoni kwa wakati huo wanadai faida ya asilimia 15.5 kwa mwaka, hakuna atakayekupa 100. Hesabu inaangukia kwenye 81 au 82 kwa kila Sh 100. Sh milioni 10 zako zinarudi kama Sh milioni 8.2. Ukisubiri iive unalipwa milioni 10 zote, na ukihitaji fedha ya upasuaji wiki ijayo huwezi kusubiri. Benki nyingi hukopesha kwa kuweka hatifungani dhamana, na mara nyingi hiyo ni njia bora kuliko kuuza kwa hasara, lakini mkopo una riba na mstaafu anajua uzito wake.

Kwa sababu hiyo sishauri mtu yeyote amalize mkupuo wote kwenye hatifungani. Gharama za miezi kumi na miwili, na kitu cha ziada kwa ajili ya hospitali, vikae kwenye mfuko, na si lazima uwe wa hatifungani. Mfuko wa Ukwasi, yaani ule wa fedha inayotakiwa kutoka upesi, umeundwa kwa kazi hiyo hiyo.

Lakini usidhani kwamba mfuko una kinga dhidi ya hiyo hasara ya bei. Hatifungani zilizomo ndani zinapanda na kushuka thamani kama yako. Tofauti iko kwenye namna mfuko unavyozithamini. Kuna mifuko inayothamini kwa gharama ya ununuzi huku riba ikiongezwa kidogo kidogo, na hapo kipande kinapanda kila siku bila kutikisika. Kuna inayothamini kwa bei ya soko, na hapo utaona kipande kikishuka wiki nyingine. Uliza, na ukapate jibu lililoandikwa kwenye waraka wa toleo la mfuko.

Ghana walilijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 2022, mifuko yao ilipotakiwa kuthamini hatifungani kwa bei ya soko, watu waliozoea kuona vipande vikipanda tu walikuta akiba imepungua. Desemba mwaka huo Serikali yao ikatangaza kubadilisha hatifungani za ndani kwa nyingine zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Mapema 2023 wastaafu wenye hatifungani kwa majina yao walikwenda kukaa nje ya Wizara ya Fedha mjini Accra, wazee wa watu na mabango mikononi, mpaka wakaondolewa kwenye mpango ule. Silinganishi deni letu na lao. Ninachotaka ukione ni kwamba hatifungani yako na mfuko wako wa hatifungani vinamtegemea mkopaji mmoja. Kugawa fedha kati ya hivyo viwili hakujakutawanyia hatari hiyo. Chumba cha kupangisha, shamba, au hisa za kampuni ndivyo vinavyoitawanya, kwa kiasi utakachoweza kusimamia bila kuumwa kichwa.

Bei ya juu ya 100

Baada ya kusikia habari za asilimia 15.95, mtu huenda kwa dalali akaomba "ile ya zamani". Inapatikana, ila bei yake ni nyingine. Tuseme imebakiza miaka 20 na soko linadai asilimia 13: itauzwa kama 121. Utatoa Sh milioni 12.1 kupata hatifungani ya milioni 10. Kila mwaka itakulipa Sh 1,595,000, ambayo kwa fedha uliyotoa ni kama asilimia 13.2, siyo 15.95. Na siku ikiiva utarudishiwa milioni 10. Zile milioni 2.1 za juu zimeshalipwa kwako ndani ya kuponi, kipande kwa kipande, na kama ulikuwa unakula kuponi yote, ulikuwa unakula mtaji pamoja nayo.

Si kosa kununua kwa bei hiyo. Kosa ni kununua bila kujua, halafu watoto wakaja kushangaa siku ya kuiva. Muulize dalali maswali mawili tu: bei kwa kila Sh 100 ni ngapi, na faida mpaka kuiva ni asilimia ngapi. Hilo la pili ndilo la kulinganisha na mfuko. Kuponi peke yake haitoshi kulinganisha na chochote.

Mshahara wa kila mwezi

Kinachowavutia wastaafu wengi kwenye mfuko ni gawio la kila mwezi. Mtu aliyepokea mshahara kila tarehe 25 kwa miaka 35 hawezi kuzoea kulipwa Januari na Julai tu. Nalielewa sana hilo. Lakini mwenye mkupuo wa kutosha anaweza kujitengenezea mwezi wake kwa hatifungani.

Chukua Sh milioni 60. Badala ya kuziingiza kwenye mnada mmoja, zigawe mafungu sita ya milioni 10, ukinunua hatifungani ambazo miezi yake ya malipo haifanani: moja inalipa Januari na Julai, nyingine Februari na Agosti, nyingine Machi na Septemba, mpaka umalize na ya Juni na Desemba. Ikiwa kuponi ni kama asilimia 12.5, kila fungu linatoa Sh 625,000 kwa nusu mwaka. Ukizipanga hivyo, kila mwezi wa mwaka unaingiza Sh 625,000. Kalenda ya minada hutolewa na Benki Kuu, na miezi isiyopatikana kwenye mnada utaitafuta soko la upili. Kazi hii inachukua karibu nusu mwaka kukamilika. Fedha inayosubiri zamu yake ikae kwenye mfuko wa ukwasi, isilale akaunti ya akiba.

Usizifanye zote kuwa za miaka 25. Ukiwa na miaka 60 leo, itaiva ukiwa na 85. Changanya na za miaka 10 na 15 ili mtaji mwingine urudi mikononi ukiwa bado na nguvu za kuamua.

Sasa jambo ambalo hatifungani hailiwezi: malipo yake hayapandi. Hizo Sh 625,000 zitakuwa Sh 625,000 mwaka wa ishirini. Benki Kuu inalenga mfumuko wa bei wa kati ya asilimia 3 na 5. Kwa asilimia 4 kwa mwaka, baada ya miaka 20 fedha hiyo itanunua kile kinachonunuliwa leo na Sh 285,000. Mchele, nauli ya daladala na dawa havitakusubiri. Anayekula kuponi yote kuanzia mwaka wa kwanza anajipunguzia mshahara kila mwaka bila kuhisi.

Dawa yake iko kwenye mfuko. Tenga sehemu ya kila kuponi, robo kama unaweza, uiingize kwenye vipande na uviache vizae. Hapa ndipo nilipoacha kuviona hivi viwili kama washindani. Kuponi ya Sh 625,000 haifiki milioni 1, kwa hiyo peke yake haiwezi kuingia mnadani na mara nyingi huishia kulala benki au kuliwa. Mfuko unaipokea siku hiyo hiyo, hata kama ni Sh 150,000, na ikishakua unaweza kuitoa ukanunue hatifungani nyingine.

Kwa walio kazini bado

Hapa sina maneno mengi. Mwenye kuweka Sh 100,000 kwa mwezi angehitaji miezi kumi kufikisha kiwango cha chini cha mnada mmoja, na kila riba itakayoingia itamtafutia matumizi. Mfuko unachukua laki moja kila mwezi na kuirudisha riba kazini wenyewe. Kwa mapato ya asilimia 10 kwa mwaka, ambayo ni mfano wa hesabu tu wala si ahadi ya mfuko wowote, laki moja kwa mwezi kwa miaka 20 inafika karibu Sh milioni 76, wakati ulizotoa mfukoni ni milioni 24. Ikibaki miaka mitatu minne kufika 55 au 60, anza kuhamishia sehemu kwenye hatifungani kwa jina lako, mnada kwa mnada, ili siku ya kustaafu usiwe na kitita kimoja kinachotegemea riba ya Jumatano moja.

Nimezungumzia za Serikali kwa sababu ndizo mstaafu anazozielewa na kuzifikia. Za kampuni na taasisi zipo pia sokoni, kama Kijani ya CRDB ya 2023 yenye asilimia 10.25 kwa miaka 5, au ile ya Tanga UWASA ya 2024 yenye asilimia 13.5 kwa miaka 10. Hizo mkopaji wake ni mwingine, basi soma hesabu za mkopaji huyo kwanza.

Gharama, karatasi na warithi

Mnadani gharama ni ndogo au hakuna, kutegemea benki unayopitia; soko la upili lina ada za dalali na za soko, nazo si za kutisha. Mfuko unakata ada ya usimamizi kila mwaka kutoka kwenye mali yake kabla hujaona thamani ya kipande. Kwa mwaka mmoja huihisi, kwa miaka 20 ni fedha nyingi, na unailipa kwa kazi halisi: mtu mwingine anafuatilia minada na kupanga hatifungani zinapoiva. Kama huna mtoto wala rafiki wa kukusaidia kusoma taarifa za CDS, ada hiyo ina thamani yake.

Kwa warithi, hatifungani na vipande vyote hupitia kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Vipande ni rahisi kuvigawa. Hatifungani huenda ikabidi iuzwe kwa bei ya siku hiyo, au warithi wakubaliane kuendelea kuishika na kugawana kuponi. Zungumza nao ukiwa hai. Mwenza wako ajue jina la benki au dalali uliyepitia, namba ya akaunti ya CDS, namba ya mfuko, na miezi ambayo kila malipo huingia. Na ile akaunti ya benki uliyoandikisha kwa ajili ya kuponi usiiache ikalala: ikifungwa au ukihama benki, peleka mabadiliko kwa maandishi kabla ya mwezi wa malipo unaofuata, ubaki na nakala yenye mhuri.